Data za vituo vya maji: namna ya kuzihifadhi na kuzitafuta bila kupotoshwa

Mtunza_Takwimu aliuliza:

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninatunza takwimu za maji vijijini kwa wilaya kadhaa za Mkoa wa Dodoma: visima, matangi, mabomba na vituo vya kuchotea maji. Kwa muda mrefu kila wilaya imekuwa ikileta shapefaili yake (faili ya ramani ya kompyuta), na sasa zimerundikana kwenye kompyuta moja, baadhi zikiwa na jina lilelile na tarehe tofauti. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka mwananchi wa kijijini apate maji ndani ya mita 400 kutoka kwenye makazi yake, kituo kimoja kikihudumia watu 250, na swali ambalo wakubwa huniuliza mara kwa mara ni hilohilo: ni vitongoji vipi ambavyo bado viko nje ya mita hizo? Nimeingiza kila kitu kwenye PostGIS, hifadhidata ya data za ramani, ili nipate jibu upesi, lakini swali hilo linachukua dakika nyingi, na jibu lenyewe haliaminiki, kwa kuwa baadhi ya vituo vya Mpwapwa vinaonekana upande wa Mpanda. Je, tuombe fedha za seva kubwa zaidi, au tatizo liko kwenye uhifadhi wenyewe?

Mpima_Kanda_ya_Kati alijibu:

Ndugu Mtunza_Takwimu, seva isubiri kwanza. Vituo vyako vya Mpwapwa havikuhama vyenyewe. Mkoa wa Dodoma umekatwa na longitudo ya nyuzi 36 mashariki, ambayo ndiyo mpaka kati ya kanda ya 36 na kanda ya 37 za UTM, mfumo wa kodineti unaoigawa dunia katika kanda na kupima kwa mita. Jiji la Dodoma na Bahi viko kanda ya 36, ilhali miji ya Kongwa na Mpwapwa iko kanda ya 37. Namba za UTM hurudiwa katika kila kanda, kwa hiyo kituo cha Mpwapwa kikiingizwa kwa lebo ya kanda ya 36, hifadhidata haitalalamika. Itakipeleka zaidi ya kilomita 600 magharibi, na huko ndiko ulikokikuta.

Kosa la namna hiyo angalau linaonekana. Linalonitia wasiwasi zaidi ni lile lisiloonekana. Ramani zetu za zamani za 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo rejea (msingi wa kuhesabia kodineti) wa Arc 1960, na vifaa vingi vya GPS vya ofisini viliwahi kuwekwa kwenye mfumo huo ili visomeke sambamba na ramani hizo, ilhali simu na picha za setilaiti hutumia WGS 84. Tofauti ya mifumo hiyo miwili katika eneo letu ni takriban mita 300. Kwa anayechora ramani ya nchi nzima hilo ni jambo dogo, lakini wewe kipimo chako ni mita 400, kwa hiyo kitongoji chenye maji kinaweza kuandikwa kwamba hakina, na kisichokuwa nayo kikaachwa nje ya bajeti.

Kwa hiyo itenge kila shapefaili, utambue mfumo wake, kisha uipe namba halisi ya mfumo huo (msimbo wa EPSG): 21036 au 21037 kwa Arc 1960, 32736 au 32737 kwa WGS 84. Baada ya hapo ndipo uzibadilishe zote ziwe 4326, yaani latitudo na longitudo za WGS 84. Zingatia kwamba ST_SetSRID hubandika lebo tu bila kugusa namba, na kazi ya kubadilisha kodineti ni ya ST_Transform. Wengi hubandika lebo mpya wakidhani wamebadilisha, na hapo data huharibika kimyakimya. Namba za awali usizifute. Ziwekee safu zake pembeni, pamoja na aina ya kifaa na tarehe ya kipimo.

Fundi_wa_Majedwali alijibu:

Ninaunga mkono yote hayo, nami niongeze kuhusu kasi. Faharasa ya kijiografia katika PostGIS imejengwa juu ya wazo la mti wa R, lililochapishwa na Antonin Guttman mwaka 1984: kila umbo hufungwa ndani ya kisanduku cha mstatili, visanduku vilivyo karibu hufungwa ndani ya kikubwa zaidi, na anayetafuta huacha kisanduku kizima kisichomhusu bila kugusa kilichomo. Hakikisha kwanza kwamba faharasa hiyo ya GiST ipo kwenye kila jedwali, kisha uendeshe ANALYZE, amri ya kukusanya upya takwimu za majedwali, kwa sababu baada ya kuingiza data nyingi kwa mkupuo hifadhidata inaweza kuwa bado inapanga safari zake kwa takwimu za zamani.

Hata hivyo, faharasa inaweza kuwepo na isitumike. Ukiandika kwamba ST_Distance iwe chini ya 400, hifadhidata italazimika kupima umbali wa kila kitongoji hadi kila kituo ulichonacho kabla ya kuamua. Ukitumia ST_DWithin, itaanza na visanduku na kupima vilivyo jirani tu. Vivyo hivyo, ukiifunga safu ya jiometri ndani ya ST_Transform katikati ya sharti, faharasa ya safu hiyo haitasaidia, na ndiyo maana ubadilishaji unafaa kufanywa mara moja wakati wa kuingiza. Kwa kuwa mkoa wako umekaa kwenye kanda mbili, mimi ningehifadhi vituo na vitongoji kwa aina ya geography, ambayo hupima kwa mita popote ulipo. Ukibaki na geometry ya 4326, ile 400 itasomwa kama nyuzi 400, na kila kitongoji kitaonekana kina maji. Swali lenyewe liandike kwa NOT EXISTS, ili utafutaji wa kila kitongoji ukome pale kituo cha kwanza kinapopatikana.

Ofisi_Ndogo alijibu:

Mimi nina mtazamo tofauti kidogo. Si kila ofisi ya wilaya ina mtu wa kuiangalia seva, na hifadhidata isiyo na mwangalizi hufa mapema kuliko faili. Kwa wilaya ningependekeza GeoPackage: ni faili moja, inafunguka katika programu ya ramani ya QGIS, ina faharasa yake, na haina vikwazo vya shapefaili, ambayo hukata majina ya safu yasizidi herufi 10. Ukiwa na safu ya tarehe_ya_kujengwa na nyingine ya tarehe_ya_kukaguliwa, zote mbili hukatwa zikawa tarehe_ya_, moja ikapachikwa namba, na mwaka ujao hakuna atakayekumbuka ipi ni ipi. Ila faili hiyo haipokei waandishi wawili kwa wakati mmoja, kwa hiyo pale mkoani, ambako watu kadhaa huhariri, PostGIS ibaki.

Mtunza_Takwimu aliandika:

Nawashukuru sana. Limebaki moja: shapefaili nyingi hazina ile faili ya .prj inayotaja mfumo wa kodineti, na waliopima wengine wamekwisha kustaafu. Nitautambuaje mfumo?

Mpima_Kanda_ya_Kati alijibu:

Kanda utaijua kwa kuangalia namba ya mashariki tu (kodineti inayoongezeka kuelekea mashariki): karibu na Dodoma mjini inakaribia 800,000, na kwa Kongwa na Mpwapwa ipo kwenye 200,000 na kidogo. Kuhusu mfumo rejea, chukua vituo vinavyoonekana wazi kwenye picha ya setilaiti, kama matangi ya zege au visima vya shuleni, uviweke kana kwamba ni WGS 84. Kama vilipimwa kwa Arc 1960, vyote vitaangukia kaskazini ya mahali pake kwa takriban mita 300, na magharibi kidogo. Vikikosea kila kimoja upande wake, hilo si suala la mfumo, ni la upimaji. Faili ambayo haina hata kituo kimoja kinachotambulika, usiibahatishe: iandike kwamba haijathibitishwa, uiondoe kwenye hesabu ya mita 400, na umwombe fundi wa kijiji husika akapime upya atakapokwenda kukagua pampu.