Tupeane uzoefu: kugeuza diski ya Windows kutoka MBR kwenda GPT bila kufuta kitu

Fundi wa Mlandege
Assalaam alaykum jamaa. Tangu msaada wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, wateja wengi wanataka 11. Mashine zao zina uwezo, TPM 2.0 (chipu ya usalama) imo, ila Windows ilipandishwa kwa mtindo wa zamani na diski ni MBR, yaani jedwali la mtindo wa zamani la patisheni (vipande vya diski). Windows 11 inataka UEFI (mfumo mpya wa kuwashia mashine), na Windows haiwaki kwa UEFI mpaka diski yake iwe GPT, jedwali la mtindo mpya. Hapo watu huambiwa "lazima ifomatiwe", na picha za harusi na mahesabu ya duka yanakwenda. Si lazima! Kifaa cha kazi hiyo, mbr2gpt, kimo ndani ya Windows yenyewe tangu toleo la 1703 la mwaka 2017.

Mimi huanza kwa kukagua tu, kwenye Command Prompt ya msimamizi:

mbr2gpt /validate /disk:0 /allowFullOS

Amri hiyo haibadilishi chochote. Ikijibu "Disk layout validation failed", mwenye mashine hudhani diski imekufa. Kumbe diski haina kasoro. Sababu nnayokutana nayo zaidi ni patisheni. Kifaa hiki hakikubali za msingi zaidi ya 3, wala ile inayobeba nyengine ndani yake, iitwayo extended. Mashine ya ofisi moja hapa mjini ilikatwa C, D na E, na mbili hizo za mwisho zimo ndani ya extended. Nilihamishia vitu kwenye diski ya nje, nikafungua mafaili kadhaa kuona kama yanasomeka, nikafuta D, E na extended yao. Nikakagua tena, ikapita. Baada ya kugeuza, kwa amri ile ile ila /convert badala ya /validate, nikaiunda D upya na kurudisha kila kitu.

Nyinyi yamekukuteni yepi?

Mwalimu, Chake Chake
Wa alaykum salaam fundi. Yetu ilikuwa kompyuta ya skuli, matokeo ya wanafunzi wote yamo. Kugeuza kulikwenda vizuri. Tukazima, kuiwasha tena, skrini nyeusi: haioni pa kuwakia. Fundi tuliyemwita akatoa flashi yake aanze kufomati. Nikamzuia, kwa sababu nilikuwa nimesoma mstari wa mwisho uliotoka kabla ya kuzima, unaosema bayosi (mipangilio ya kuwashia mashine) ihamishwe kwenda UEFI ndipo mfumo uwake. Kazi ilikuwa imebaki hiyo tu. Mashine bado inatafuta rekodi ya kuwashia ya mtindo wa zamani, nayo haitumiki tena. Tukaingia kwa F2, tukatoa Legacy (mtindo wa zamani), tukaweka UEFI, tukahifadhi. Windows ikaja kama ilivyokuwa, na matokeo yote yapo.

Walimu wenzangu, andikeni karatasini kitufe cha kuingilia bayosi kabla hamjaanza. Kwengine F2, kwengine F10, kwengine Delete.

Mkaazi wa Wete
Na kabla ya hayo, hakikisheni mashine inayo hiyo UEFI. Programu ya Windows iitwayo msinfo32 ikiandika Legacy inakwambia Windows imewaka vipi, haikwambii bodi ina uwezo gani. Ami yangu ana kompyuta ya mezani ya zamani dukani. Nimeingia kwenye bayosi, nimepekua ukurasa mzima wa kuwashia, UEFI hamna. Tukaiacha na MBR yake, maana tungeigeuza Windows isingewaka tena. Diski ni ya GB 500 na MBR inabeba hadi TB 2, hakupungukiwa na kitu.

Dada wa Mwanakwerekwe
BitLocker jamani, ile inayofunga diski kwa ufunguo. Isitisheni kwanza, na ule ufunguo wa urejeshaji uwe mkononi, kwa sababu ukigusa bayosi inaweza kuuuliza.

Kijana wa Mkoani
Mimi nilikuwa na patisheni 2 tu na bado inakataa: "Cannot find OS partition(s) for disk 0". Nikafungua setuperr.log na setupact.log ndani ya C:\Windows, humo ndimo kifaa kinapoandika kilipokwama. Yakhe, watu hawayafungui mafaili haya, na jibu limo humo! Shida ilikuwa kwenye orodha ya kuwashia, BCD. Nikalinganisha majibu ya bcdedit /enum all (orodha yenyewe) na reagentc /info (urejeshaji wa Windows), nikaona ingizo la urejeshaji la zamani linaloelekeza kwenye patisheni isiyokuwepo. Nikaweka nakala ya orodha kwa bcdedit /export, nikaliondoa hilo moja tu, nikakagua. Ikapita.

Fundi wa Mlandege
Shukran Mkoani, hiyo naichukua. Niongeze mawili. Ile njia ya diskpart, clean, halafu convert gpt ni ya diski tupu, clean inafuta jedwali lote la patisheni. Na kompyuta ya mezani isiyo na UPS msiigeuze siku umeme unapochezacheza. Kazi yenyewe ni fupi, lakini inaandika upya mwanzo wa diski.

Mama wa duka, Konde
Laptopu yangu ni Windows 7. Inafaa?

Fundi wa Mlandege
Bi mkubwa, 7 haikubaliki rasmi. Kama ni ya biti 64 na UEFI ipo, ipandishe 10 juu yake kwanza, kisha ndipo ugeuze. Kama ni ya biti 32, haipandi kwenda 64 bila kuwekwa upya. Hapo hamisha vitu vyako kwanza, iwashe flashi kwa UEFI, ufute patisheni za zamani, na GPT itaundwa wakati wa kuiweka Windows mpya.