Mwanangu kauliza Squanto alijifunzia wapi Kiingereza, shule ikamjibu "kipaji"

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Kijana wangu yuko darasa la tatu hapa Massachusetts, Marekani. Wiki iliyopita karudi na karatasi ya mazoezi ya historia. Apake rangi kofia ya Pilgrim (wale walowezi Waingereza waliofika huku 1620), achore bata mzinga kwa kufuatisha vidole vyake, halafu ajaze nafasi kuhusu Squanto, mwenyeji wa asili wa huku: Squanto aliwafundisha Pilgrim kupanda nini? Mahindi. Kajaza, kisha kanigeukia: "Baba, si hao Wazungu ndiyo kwanza wamefika? Squanto alijifunzia wapi Kiingereza?"

Mtoto wa miaka 8! Nikamwambia kesho amuulize mwalimu. Akarudi na jibu kwamba Squanto alikuwa na kipaji cha lugha.

Kipaji gani? Yule bwana aliitwa Tisquantum, mtu wa kijiji cha Patuxet. Mwaka 1614 nahodha Mwingereza, Thomas Hunt, aliwarubuni yeye na wenzake zaidi ya 20 wakapanda merikebu, akawapeleka Málaga, Hispania, kuwauza. Tisquantum akanusurika, akafika London, akakaa na Waingereza. Huko ndiko Kiingereza kilikotoka! Aliporudi kwao 1619 hakumkuta mtu. Maradhi yaliyoingia na meli za Ulaya yalikuwa yamekimaliza kijiji. Mwaka uliofuata meli ya Pilgrim, Mayflower, ikaleta abiria 102, wakajenga Plymouth papo hapo palipokuwa Patuxet. Yaani mahindi aliwafundishia kwenye ardhi ya ndugu zake waliokufa.

Nilimsimulia mwanangu hayo mezani. Alinyamaza, kisha akauliza kama mama yake Squanto naye alikufa.

Nilipopiga simu shuleni niliambiwa watoto bado wadogo kwa mambo hayo. Siwakubalii hata kidogo. Mimi nimekulia Bagamoyo. Biashara ya watumwa tulisimuliwa tukiwa na umri huo huo, mwalimu kasimama mbele yetu na bahari inaonekana, na kila mmoja wetu alielewa. Mtoto aliyeweza kuuliza swali lile anaweza kubeba jibu lake.

Na karatasi yenyewe inawataja Wampanoag, watu wa kina Squanto, kama watu waliokwisha. "Waliishi", "walivaa", "walikula". Wapo! Wapo miji ya Mashpee na Aquinnah, jimbo hili hili. Tangu 1970 kila siku ya Thanksgiving, sikukuu ya shukrani inayohusishwa na hao Pilgrim, watu wa makabila ya asili hukusanyika Plymouth kuomboleza. Kutoka kwetu ni mwendo wa saa moja tu kwa gari, na darasa halijawahi kupelekwa wala kumwalika hata mzee mmoja wao aje kuzungumza.

Ila na sisi wazazi nina neno. Karatasi zinakuja kila wiki, tunatia sahihi bila kusoma, tunarudisha. Najua zamu za usiku, mimi mwenyewe nazifanya. Lakini nilipopata dakika 40 za maktaba ya mtaa, yote niliyoandika hapo juu niliyakuta. Kama nisingeulizwa, nami ningetia sahihi.

Jumatatu naenda shuleni mwenyewe, na karatasi mkononi. Nataka swali la mtoto lijibiwe mbele ya darasa zima, maana aliuliza mbele ya darasa zima.

Mliowahi kulipeleka jambo la namna hii kwenye shule za huku, mlianzia kwa mwalimu au kwa mkuu wa shule?