Tumkumbukeje Mzee Wilson Kiprugut Chumo zaidi ya medali zake mbili?

Mwalimu wa Historia aliuliza:

Salamu kwenu nyote. Ninafundisha historia katika shule moja ya sekondari Kaunti ya Kericho, na nimekabidhiwa kazi ya kuandaa ukurasa wa kumkumbuka Mzee Wilson Kiprugut Chumo, aliyefariki dunia tarehe 1 Novemba 2022 akiwa na umri wa miaka 84. Kila ninachokusanya kinarudi palepale: kwamba alikuwa Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki, shaba ya mbio za mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964, kisha fedha ya mbio hizohizo Mexico City mwaka 1968, na hapo maelezo yanakatika. Fainali hizo mbili, ukizijumlisha, hazifiki hata dakika nne, ilhali mwenyewe aliishi zaidi ya nusu karne baada ya kushuka kwenye jukwaa la washindi. Alikuwa mwanajeshi, alikuwa mzee wa mji wake, na aliishi na watu waliomjua kwa mambo mengine kabisa. Naomba mnisaidie: maisha marefu namna hii huandikwa vipi ili michezo isimeze kazi na familia, na wakati huohuo yale aliyoyafanya uwanjani yasipunguzwe?

Mfuatiliaji wa Riadha alijibu:

Mwalimu, hongera kwa kazi hiyo. Ushauri wangu ni kwamba usiharakishe kuziacha mbio zenyewe, kwa kuwa wengi wanaotaja medali hawaelezi hata siku moja zilivyopatikana. Fainali ya Tokyo ilikimbiwa tarehe 16 Oktoba 1964, Kenya ikiwa haijatimiza mwaka mmoja tangu uhuru. Peter Snell wa New Zealand alishinda kwa dakika 1:45.1, Bill Crothers wa Kanada akafuata, na nyuma yao Kiprugut na George Kerr wa Jamaika wakaandikiwa muda uleule mmoja, 1:45.9. Kiprugut alipewa shaba, Kerr akarudi kwao mikono mitupu. Medali ya kwanza ya taifa zima ilipatikana kwa tofauti ambayo saa za siku ile hazikuweza kuionyesha.

Mwaka uliofuata, katika Michezo ya Afrika ya kwanza iliyofanyika Brazzaville, alishinda mita 400 na mita 800 pia. Mwaka 1966 akapata fedha ya yadi 880 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Kingston. Lakini mbio ninazozipenda kuliko zote ni zile za Mexico City, tarehe 15 Oktoba 1968. Kiprugut alikuwa na umri wa miaka 30 hivi, na badala ya kujificha katikati ya kundi akisubiri mita za mwisho, alitoka mbele mapema na kuwalazimisha wengine wote wamfuate kwa mwendo wake. Ralph Doubell wa Australia alimpita katika unyoosho wa mwisho, na ili ampite alilazimika kuifikia rekodi ya dunia ya Snell. Kiprugut alimaliza kwa 1:44.57. Kwa maoni yangu fedha ile ni kubwa kuliko dhahabu nyingi zilizopatikana kwa kuvizia, na wanafunzi wako waelezwe hivyo waziwazi.

Mtoto wa Askari alijibu:

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu mbio, ila naona kazi ya marehemu haikuwa kitu kilichokaa kando ya michezo. Enzi hizo Olimpiki ilikuwa ya wanariadha wa ridhaa, na sheria zilikataza mtu kulipwa kwa kukimbia. Mkenya aliyetoka katika familia ya kawaida mara nyingi hakuwa na njia ya kupata muda wa mazoezi, chakula cha uhakika na nauli ya kufika mashindanoni isipokuwa awe ameajiriwa jeshini, polisi au magereza. Kiprugut alikuwa mwanajeshi, na Kipchoge Keino, aliyepata dhahabu ya mita 1500 katika michezo ileile ya Mexico, alikuwa polisi. Kwa hiyo unapoandika kwamba alikuwa askari, usiliandike kama jambo la kujazia ukurasa: mshahara wa jeshi ndio uliozilisha zile mbio, na nidhamu ya kuamka kabla ya jua ilianzia huko.

Baba yangu alikuwa askari magereza na alikimbia katika mashindano ya idara miaka ya sabini, bila kufika mbali. Alipofariki tulikuta medali zake ndani ya kopo la mafuta ya kupikia ya Kimbo chini ya kitanda, zimefungwa kwa kitambaa pamoja na barua yake ya kupandishwa cheo na risiti za karo zetu, kila risiti imekunjwa mara mbili na kuandikwa jina la mtoto kwa kalamu ya risasi. Yeye mwenyewe hakuwa amezitenga. Nikikumbuka kopo lile naona kwamba shida ya kugawa maisha katika mafungu ni yetu sisi waandishi. Mwalimu, ufuate miaka tu, mwaka baada ya mwaka, na mambo yenyewe yatakaa pamoja.

Bibi wa Bureti alijibu:

Wanangu, mmesema vyema, lakini naona mnazungumza kana kwamba mwanamume hukimbia peke yake. Mwanariadha wa jeshi alikuwa kambini miezi mingi, kisha akasafirishwa ng'ambo wiki kadhaa. Nyumbani kulikuwa na nani? Nani alikamua ng'ombe, nani alipalilia mahindi, nani alikwenda shuleni mwalimu alipomwita mzazi? Mwalimu, usiwaulize jamaa zake tu kama walijivunia, maana watajibu ndiyo na mazungumzo yatakwisha. Waulize nani alifanya kazi gani yeye alipokuwa hayupo, na aliporudi alianza na nini. Hapo utasikia habari za familia.

Jambo la pili ni kizazi kilichofuata. Katika timu ya kupokezana vijiti ya mita 400 mara nne iliyopata fedha Mexico alikuwemo Daniel Rudisha, na mwanawe David ndiye aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800 ya 1:40.91 mjini London mwaka 2012. Kiprugut aliishi akayaona hayo. Alikuwa hai pia mwaka 1988 Paul Ereng alipoiletea Kenya dhahabu ya kwanza ya mita 800, miaka 24 baada ya shaba ya Tokyo, na baada yake wakaja William Tanui, Wilfred Bungei, Rudisha mara mbili na Emmanuel Korir. Fikirieni mzee aliyeifungua njia akiwatazama wote hao wakipita. Uzee wake haukuwa kipindi kitupu baada ya michezo, na ukurasa wenu uupe nafasi yake kamili.

Mwalimu wa Historia alijibu:

Nawashukuru sana, na Bibi nakushukuru kwa namna ya pekee, kwa sababu maswali yako nitayatumia jinsi yalivyo. Tutafuata miaka, kama alivyoshauri Mtoto wa Askari, na fainali ya Mexico itaelezwa kwa kirefu pamoja na muda wa kila mmoja. Kuhusu familia yake, tutaandika tu yale ambayo wenyewe wataridhia yachapishwe. Wanafunzi wa kidato cha tatu wataanza kwa wazee wa vijiji vyao waliofuatilia michezo ya mwaka 1968 kwenye redio, na nimewaagiza waulize kwanza redio yenyewe ilikuwa ya nani na ni watu gani waliokusanyika kuisikiliza.