Nina saiba Zimmerman, Windows 10 imekatwa apdeti. Nihamie Linux ama niuze mashine?

saiba_zimma

Wasee habari zenu. Niko na saiba ndogo hapa Zimmerman, mashine sita, zote zile deskitopu za ex-UK (mitumba kutoka Uingereza), i5 za kizazi cha nne na RAM ya 4GB, na kusema ukweli kazi zinapiga. Shida ni Windows 10, Microsoft walisimamisha apdeti za bure 14 Oktoba 2025, na nikijaribu Windows 11 naambiwa mashine haifai, mara TPM (ile chip ya usalama) mara prosesa. Jamaa wa duka la kompyuta Luthuli ananishauri niuze zote nichukue mpya, sasa hiyo pesa nitoe wapi na kodi ya duka inaningoja kila tarehe tano. Mwingine anasema weka Linux ni ya bure. Wateja wangu ni wa CV, eCitizen ya huduma za serikali, HELB ya mikopo ya wanafunzi, kuprinti, kuskani, na mwezi wa sita returns za ushuru za KRA hapa kunajaa mpaka kwa mlango. Itaweza hizo ama nitafukuza watu? Nataka kusikia kwa mtu anaitumia kikazi, sio wa kuona YouTube.

kerneli_na_chai

Mkubwa usiuze kitu. eCitizen na HELB ni braoza tu, na Firefox ama Chrome ya Linux ni ile ile. Linux ziko aina nyingi, wewe chukua Linux Mint, na kwa hiyo RAM ya 4GB chukua toleo lake la Xfce ndio nyepesi. Ukipata pesa kidogo weka SSD (diski ya kasi) kwanza kabla ya kitu kingine chochote, hapo ndio utaona tofauti.

Usiinstoli siku ya kwanza. Daunlodi ISO, yaani faili ya Mint nzima, iandike kwa flashi na programu ya Rufus, ubuti mashine moja kutoka kwa flashi na Windows yako itabaki vile ilivyo. Hapo unaangalia wifi, sauti, printa, kila kitu. Wifi ikikataa unganisha simu na waya ya USB uwashe tethering, utapata intaneti ya kutafuta draiva.

Sasa kitu ya saiba hasa, na watu hawakuambiangi. Kwa Mint ukifungua mipangilio ya Login Window kuna sehemu ya kuruhusu guest. Mteja anaingia kama mgeni bila paswadi, anafanya yake, akitoka kila kitu alichoacha kinafutika. Wewe mwenyewe unajua folda ya Downloads ya saiba inakuanga aje, kitambulisho cha mtu kimeskaniwa, payslip, barua ya talaka, na email bado iko wazi mwenyewe ashapanda matatu. Na hiyo sheria ya data ya 2019 iko, hutaki siku moja mtu akuje na hiyo kesi kwako. Mwambie tu mteja mapema asevu kwa flashi ama ajitumie email kabla ya kutoka, juu ikifutika imeenda.

Halafu flashi zenyewe. Ile virusi ya kugeuza mafaili yote kuwa shortcut, ukichomeka flashi kama hiyo kwa Linux hizo shortcut hazifanyi kitu na mafaili ya mwenyewe mara nyingi utayaona yamekaa pale pale. Unamrudishia mtu kazi yake na unamchaji.

karani_wa_returns

Hapo kwa KRA ngojeni kidogo. Mtu wa nil (hana mapato) ama mwenye ameajiriwa na hana kitu ingine, sawa, hiyo anajaza kwa braoza. Lakini mwenye biashara ukimpakulia ile fomu ya Excel, ile inajazwa inje ya mtandao halafu unabonyeza kitufe inakagua na kutoa zip ya kupandisha, hiyo inaendeshwa na makro za Excel, yaani programu ndogo ndani ya faili, na LibreOffice, ile ofisi ya bure ya Linux, usiitegemee kwa makro kama hizo. Sasa fikiria ni 30 Juni jioni, siku ya mwisho, foleni imefika nje.

Kwa hivyo hakikisha uko na mashine moja ya Windows. Moja tu, na iwe yako ya kaunta, sio ya wateja. Tafuta ex-UK ya kizazi cha nane kuenda juu inakubali Windows 11 bila kelele. Kulipia Microsoft apdeti za ziada za Windows 10 sioni maana, kwa biashara ni dola 61 kwa mashine mwaka wa kwanza na kila mwaka inaongezeka maradufu.

michoro_mtaani

Mimi nawapinga kidogo. Saiba nyingi pesa iko kwa programu za mazishi na kadi za harusi, na hizo kila mtu alizitengeneza na Publisher. LibreOffice Draw inafungua faili za pub ndio, lakini picha ya marehemu unaipata imeruka juu ya wasifu na familia imesimama hapo inataka nakala mia mbili. CorelDRAW ya michoro pia haina ya Linux, Inkscape ya bure ni nzuri kwa kazi mpya lakini faili za zamani za cdr ni bahati nasibu.

Ila pia nikubali Publisher yenyewe Microsoft wanaizima Oktoba 2026, so templeti zako anza kuzijenga upya saa hii kwa Scribus, programu ya bure ya kupanga kurasa, utahama tu upende usipende.

saiba_zimma

Asanteni sana, hii ya guest sikuwa naijua kabisa na hiyo ya Publisher imenishtua. Kwa hivyo tano za wateja Mint, moja ya kaunta Windows. Na CV, mtu akileta docx ya kwake itaharibika? Printa yangu ni Epson ya tangi na kuna HP moja ya zamani.

kerneli_na_chai

CV za kawaida ziko sawa. Calibri ikikosekana LibreOffice inaweka Carlito, herufi zake zina upana ule ule kwa hivyo mistari hairuki. Times New Roman na Arial unaongeza na pakiti ya ttf-mscorefonts-installer. Zile CV za meza na viboksi ndio zinasumbua, hizo tuma kwa kaunta. Na ukimaliza mpe mteja PDF.

HP inashikwa na HPLIP, draiva za HP za Linux, kawaida hata haikuulizi kitu. Epson wenyewe wanatoa draiva za Linux, ingia kwa tovuti yao uweke modeli yako uone. Jaribu zote mbili ukiwa bado kwa flashi, na uskani pia, sio kuprinti peke yake. Ikikataa tuma modeli hapa.