Mrejesho: Unene wa mto wa kiti kwenye ndege ninayoijenga

Ndugu zangu, majira ya vuli niliwauliza iwapo viti vya RV-9A (ndege ndogo ya watu wawili inayouzwa kwa vipande ili mtu aiunde mwenyewe) ninayoijenga gereji kwangu, hapa Minnesota, Marekani, viwekewe mto wa inchi 2 au wa inchi 4, kwa kuwa mimi ni mrefu na mgongo hunisumbua nikikaa sana. Nawashukuru nyote mlionijibu.

Nilimfuata aliyenishauri nisishone chochote kwanza, bali nikate sponji ya bei rahisi (kisu cha mkate kilitosha) na kukaa ndani ya bodi ya ndege saa nzima nikiwa nimevaa hedseti. Kwa inchi 4, hedseti iligusa kioo cha juu kabla sijajinyoosha. Kwa inchi 2, makalio yalikufa ganzi baada ya dakika 40. Nimeishia inchi 3, yaani 2 za sponji ngumu chini na 1 ya sponji inayofuata umbo la mwili juu. Mzee aliyeonya kwamba sponji nene na laini hubonyea yote ndege inapotua kwa kishindo, mwili ukaongeza kasi kabla ya kugonga bati la kiti na uti wa mgongo ukaumia, alinishawishi kabisa.

Lililonishinda ni baridi. Mwezi Januari tabaka la juu huwa gumu kama ubao mpaka joto la mwili lilainishe, na kwa hilo sijapata dawa zaidi ya kuihifadhi mito ndani ya nyumba.