Antivairasi ndiyo iliyonifungia saiba, si virusi!

Wenzangu, naandika na hasira, mnistahamili.

Nina saiba ndogo hapa Majengo, kompyuta 6 na printa moja. Tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya ritani za kodi za KRA, mwaijua ilivyo: foleni imefika kwa muuza viazi karai. Saa nne asubuhi antivairasi ikajiapdeti yenyewe. Haikupita muda, kila tovuti yenye alama ya kufuli (mawasiliano yake yamefungwa kwa siri) ikagoma, kivinjari chasema si salama. Kompyuta zote 6! Nikazima ruta, nikawasha. Wapi. Bibi mmoja aliyekuja na mjukuu wake akaniuliza, "Mwanangu, wamekuingilia wezi?" Nikamwambia la bibi, hawa nimewalipa mwenyewe.

Fundi alifika saa nane, foleni ishahamia saiba ya ng'ambo ya barabara. Akabofya lile kufuli, akafungua cheti cha tovuti (kile kinachothibitisha kuwa ni yenyewe), akaniambia soma aliyekitoa. Jina la antivairasi! Kumbe yakaa katikati, yafungua kila kinachopita eti ikague, kisha yakifunga upya kwa cheti chake. Apdeti ikakivuruga hicho cheti, basi vivinjari havikuamini kitu tena. Sasa hebu fikirieni: paswadi na namba za vitambulisho vya wateja wangu, vyote vyapita kwake vikiwa wazi. Nani aliniuliza? Jambo hilo limewashwa tangu siku ya kwanza. (Na fundi huyu huyu ndiye aliyeniuzia. Tumeshazungumza.)

Msiniambie nakuza mambo. Mwaka 2016 Tavis Ormandy wa Google alifichua matundu ya usalama kwenye antivairasi za Symantec na Norton: mtu akutumia faili kwa barua pepe, hulifungui, hulisomi, na bado kompyuta yaweza kutekwa, kwa sababu antivairasi yalifungua kwa niaba yako ili ilikague. Na yafanya hivyo ikiwa na mamlaka makubwa kuliko yako wewe mwenye kompyuta. Avast nao, kampuni nyingine ya antivairasi, mwaka 2024 serikali ya Marekani iliwatoza dola milioni 16.5 kwa kuuza kumbukumbu za tovuti walizotembelea wateja wao. Watu walionunua faragha!

Niliandikia kampuni yangu. Jibu la mashine: zima kompyuta, uwashe tena. Nikaandika mara ya pili, wakanitumia ofa ya kuongeza leseni kwa punguzo. Wallahi.

Sasa nimeing'oa, nimebaki na ile inayokuja na Windows. Hata hiyo ilikutwa na tundu baya Mei 2017, ila Microsoft waliliziba kwa siku chache, na angalau sikuongeza mgeni mwingine ndani. Tena msije na "ondoa zote". Mwazijua flashi za wanafunzi? Wachomeka moja tu yenye virusi, mafolda yote yageuka njia za mkato, na kazi ya mtu ya muhula mzima haionekani.

Wenye saiba wenzangu, mwaishije na hizo flashi kwa hiyo ya Windows peke yake? Na leseni yangu bado ina miezi 7. Yupo aliyewahi kudai pesa zake kwa hawa watu akarudishiwa?