Re: Kufundisha judo Dodoma: mkanda mweusi kwanza au leseni?

> Shikamooni wakubwa. Nipo Ujerumani, nina mkanda wa kahawia, na mwakani narudi nyumbani Dodoma. Nataka kufundisha watoto judo. Nisubiri kwanza mkanda mweusi?

Marahaba mdogo wangu.

Usisubiri. Mkanda unaonyesha unavyocheza. Hauonyeshi kama utamweza mtoto wa miaka saba anayeogopa kuanguka. Ungali huko, iombe klabu ikupeleke kozi ya ukocha, ile ya leseni C, leseni ya ngazi ya mwanzo ya ukocha huko. Ni vipindi 120 vya dakika 45, na huduma ya kwanza ni sharti. Klabu nyingi huwalipia makocha wao, hivyo uliza kabla hujatoa mfukoni.

Ukifika hapa, cha kwanza ni sakafu. Kumbi zetu nyingi ni saruji au vigae, na kumbwaga mtu pale ni kumvunja. Magodoro ya kulalia nayo hayafai kabisa: mguu unazama, goti linajipinda. Tafuta tatami, yaani mikeka migumu ya judo, za unene wa sentimita 4. Klabu za huko zikibadilisha zao, waulize bei ya zile za zamani. Halafu kuna vumbi letu, unalijua. Upepo wa Agosti ukivuma, fagia. Na msimu wowote futa tatami kwa dawa kabla na baada ya mazoezi, maana mapunye yakishaingia darasani wazazi wanawatoa watoto.

Wiki za mwanzo fundisha kuanguka tu: kidevu kifuani, mkono upige chini, kichwa kisiguse. Mzazi atakuja kuuliza mbona mwanawe bado hajui kumwangusha mtu. Mwelekeze kwa upole, usikubali kuharakishwa. Kukaba shingo na kupinda viwiko ni vya wakubwa, nao wajue kwamba mwenzako akigonga kwa kiganja kuonyesha amekubali kushindwa, unaachia hapo hapo.

Usajili anzia kwa afisa michezo wa jiji. Atakuelekeza kwa msajili, Baraza la Michezo la Taifa. Njoo na katiba ya klabu.

Na usihofu kwamba utaanza na watu wasioujua mchezo. Andrew Thomas Mlugu ametuwakilisha kwenye judo Olimpiki ya Rio 2016, tena Paris 2024. Mimi nataka wa kumfuata atoke Nkuhungu au Chang'ombe, hapa hapa Dodoma.

> Asante sana dada. Jumatatu naongea na kocha wangu kuhusu kozi. Kuna aliye karibu na Köln anayepakia kontena mwaka huu? Nachangia nafasi ya tatami.